Ile klipu ya mimi na mashetani, ukweli ndo huu

Jamani kwa vile mshkaji wangu msaliti kashaitupa klipu kwenye grupu, tena kaikata mwanzo, ngoja niseme mwenyewe kabla haijamfikia mama.

Tulienda kwenye maonyesho ya picha mimi, yeye na dada yake aliyekuja kutoka Mtwara (ndio, yule, msianze). Tukafika kwenye picha moja ya mashetani tupu wamejazana, mtindo wa yule mchoraji George Lilanga kabisa, masikio kama ungo, midomo minene, vidole viwili vitatu, nguo za madoadoa. Na usiku nilikuwa nimemsoma kidogo huyo Lilanga, Mmakonde, kazaliwa 1934 kafariki 2005, kwa hiyo nikaingia na moto. Nikaeleza kwamba mashetani wa Kimakonde sio wale mnaotishiwa kanisani, hawa wanaishi kama sisi tu, wanapika, wanagombana, wanalewa. Watu wakaanza kusogea. Namfundisha mtoto wa Mtwara mambo ya Wamakonde, na yeye kanyamaza tu ananiangalia.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Nikasema sasa tuangalie mudi. Ile bluu ni majonzi. Foleni ile ni roho zinaelekea kuzimu, na huyu anayelia ni ukoo uliopoteza ardhi. Mzee mmoja wa kofia nyuma akatikisa kichwa, nikajua nimemgusa.

"Na huyu mjusi hapa kona ya juu," nikasema, "ndo ufunguo wa picha nzima." Mjusi mweupe, kachorwa mpaka kivuli. Mjumbe wa mizimu huyu, katulia kati ya dunia mbili. Kidole changu kinasogea taratibu. Koo lake likapanda. Likashuka. NIKALIONA wallahi, na mdomo bado unaendelea, "oneni mchoraji alivyompa uhai." Jicho likanigeukia. Nikagusa mkia.

Mkia ukadondoka chini unacheza peke yake. Mwenyewe kaingia kwenye kola ya shati langu.

Zile sekunde mnazorudia rudia kwenye klipu, ile sauti ya "mamaaa" ni yangu, sio ya mtoto.

Mzee wa kofia akasogea. "Mwanangu, mjusi sikumchora mimi."

Nikamwamkia huku nafungua vifungo, shikamoo mzee.

"Marahaba. Na hiyo foleni ni ya uraka. Huyo analia kwa sababu zamu yake imefika, pombe imeisha."

Dada mtu akasema, "Mi nilijua, kibuyu si kinaonekana?" Alijua! Muda wote!

Basi shati likavuliwa, mjusi kasepa zake, mlinzi kacheka mpaka kakaa chini, tukapanda bajaji hakuna anayeongea. Jana nimeambiwa yule dada kasevu namba yangu "Mjumbe wa Mizimu". Nyie chekeni, ila namba kasevu.