Kicheza muziki cha mfukoni au simu tu? Angalia kwanza nyimbo zako ziko wapi

Ukisema unataka kununua kicheza muziki, ile MP3 ndogo ya mfukoni, swali la kwanza utakaloulizwa ni "kwani huna simu?" Na swali lina mantiki kabisa. Simu inapiga nyimbo, ina intaneti, unayo mkononi muda wote, na hata Apple walioleta iPod mwaka 2001 waliamua kuachana nayo 2022, manake watu walishahamia kwenye simu siku nyingi. Ila mi naona watu wanaanzia mbali, wanalinganisha kifaa na kifaa kabla hawajajiuliza nyimbo zao zinakaa wapi.

Kama muziki wako wote uko kwenye apu unayolipia kila mwezi, basi jua kwamba zile nyimbo ulizoshusha usikilize bila bando si mafaili yako, zimefungwa humo humo ndani ya apu, huwezi kuzihamishia kwenye MP3 na ukiacha kulipa hazipigi tena. Mtu wa namna hiyo akinunua kicheza cha kawaida atakiweka kwenye droo. Vipo vinavyotumia Android na apu zinaingia, lakini mara nyingi vinakula chaji kuliko vile vyenye mfumo wao rahisi, na Android yake ikishazeeka siku moja apu inakwambia toleo hili halitumiki tena wakati kifaa chenyewe bado kizima. Kwa huyu simu inatosha, sioni sababu ya kumshawishi vingine.

Sasa njoo kwa mwenye mafaili yake. Ana albamu alizokopi toka kwenye CD, ana rekodi za zamani ambazo kwenye apu hata ukizitafuta hazipo. Huyu ndo namwambia kifaa kidogo chenye vitufe na sehemu ya kadi ya memori kitampa kitu ambacho simu haimpi, na sizungumzii sauti kwanza, nazungumzia vitufe. Unapanda ngazi, mkono mmoja una mzigo, mwingine uko mfukoni, kidole gumba kinapapasa kinakuta kale kanundu ka kitufe cha katikati, unasogea kulia kidogo unabonyeza, wimbo umeruka na hujaangalia chochote. Kwenye simu mara nyingi unaitoa, unaiwasha, unakuta meseji tatu, unajibu moja, na wimbo uliotaka kuuruka umeisha wenyewe. Kwangu hilo peke yake ni sababu tosha ya kubeba vifaa viwili.

Kuhusu ukubwa wa memori piga hesabu yako mwenyewe. Faili la MP3 la 320 kbps, yani la ubora wa juu, linakula kama megabaiti 2.4 kwa dakika, FLAC, aina ya faili linalobana wimbo bila kupoteza sauti, ikitoka kwenye CD mara nyingi inakula 5 mpaka 7. Kwa hiyo giga 32 ni zaidi ya saa 200 za MP3 hiyo, ila ukijaza FLAC unapata chini ya nusu yake. MPMan ya mwaka 1998, moja ya vicheza vya MP3 vya kwanza kabisa kuuzwa, ilikuwa na megabaiti 32, yani nusu saa hivi ya muziki basi, kwa hiyo usikubali kutishwa kwamba giga 32 ni kidogo.

Kadi ndo ina mitego. Kadi zinazozidi giga 32 kwa kawaida zinakuja na mfumo wa kupanga mafaili uitwao exFAT, na vicheza vingi vya zamani vinasoma mfumo wa zamani wa FAT32 tu, kwa hiyo ukiona kadi haionekani usikimbilie kusema mbovu, ifomati FAT32 kwenye kompyuta kwanza. Halafu kuna feki. Niliwahi kununua kadi imeandikwa 128, kompyuta nayo inaonyesha 128, nikakesha naijazia nyimbo na majina yote yanaonekana yapo, lakini ukishuka kwenye orodha kufika mbali wimbo unaanza kukwaruza halafu kimya, na unaofuata kimya, na wa baada yake hivyo hivyo. Iliniuma sana manake nilishafuta nakala za kwenye kompyuta. Tangu hapo kadi mpya naijaza yote kwa programu ya kompyuta iitwayo H2testw, nyingine iitwayo F3 nayo inafanya kazi hiyo hiyo, inaandika mpaka mwisho halafu inasoma tena kuhakiki, inachukua muda ila inasema ukweli.

Sauti sasa. Ile lebo ya 192 kHz, yani sauti inapimwa mara ngapi kwa sekunde, isikupeleke mbio, sikio la binadamu linaishia kwenye 20 kHz hivi na 44.1 kHz ya CD inalifikia hilo, manake vipimo hivyo vinabeba sauti mpaka nusu ya namba yake, na kama unasikiliza kwa Bluetooth kwa kawaida wimbo unabanwa upya kabla haujafika sikioni. Hela ya tofauti weka kwenye hedifoni. Ila mwenye hedifoni ngumu kuendesha za omu 300, yani zenye ukinzani mkubwa wa umeme, yeye anahitaji kifaa chenye nguvu kweli, hapo vile vidogo vinashindwa, sauti inatoka kwa mbali. Na simu nyingi hazina tena tundu la hedifoni, iPhone iliondoa mwaka 2016, kwa hiyo kama una hedifoni za waya unazozipenda hiyo nayo ni hoja.

Ubaya wa vicheza hivi upo na hauongelewi vya kutosha, ni kazi. Nyimbo haziingii zenyewe, utakaa kwenye kompyuta unarekebisha yale maelezo ya ndani ya faili, msanii, albamu, namba ya wimbo, usipofanya hivyo albamu moja inatawanyika vipande vipande na nusu inaitwa "haijulikani". Mi napenda hiyo kazi, unakutana na nyimbo ulizozisahau, lakini kama wewe huipendi kaa na simu yako.

Ukienda kununua beba kadi yako na hedifoni zako mwenyewe. Cheza wimbo unaoanza taratibu, sikiliza kama kuna mvumo nyuma ya ukimya, kisha kiweke mfukoni uruke nyimbo tatu na urudi moja bila kukitoa. Kama imekubidi ukitoe uangalie, kirudishe ujaribu kingine.