Kama Hulitumii Daraja Lako, Mpishe Jirani

Kituo cha redio kikitangaza kwamba kimeongezewa nguvu, wasikilizaji hufurahi na wenye matangazo ya biashara hukaa mkao wa kula. Mimi huuliza swali moja tu: nafasi hiyo imetoka kwa nani? Bendi ya FM ina mipaka yake, megahezi 88 hadi 108, na imejaa. Anayesogeza mpaka wake, kuna shamba la mtu analiingia.

Naizungumzia Marekani, ambako Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano, FCC, imeziandika ngazi za leseni za FM, yaani madaraja, kwa namba ambazo yeyote anaweza kuzipiga hesabu. Daraja A, la chini kabisa kwa vituo kamili, linaishia kilowati 6, antena ikiwa mita 100 juu ya wastani wa ardhi inayoizunguka. Kwa kipimo hicho mawimbi hufika vizuri hadi kilomita 28. C3 ni kilowati 25 kwenye kimo hichohicho, kilomita 39. Juu yake kuna C2, C1, C0, hadi C yenyewe: kilowati 100, mita 600, kilomita 92. Maeneo yenye msongamano, kama kaskazini mashariki, yana ngazi zake za B1 na B, na hizo naziacha.

Sasa tazama hiyo hatua ya A kwenda C3. Nguvu imezidi mara nne, umbali umeongezeka kilomita 11 basi. Hapo ndipo watu hudanganyika na kilowati. C1 na C zote zina kilowati 100, lakini C1 inakoma kwenye kilomita 72, kwa sababu antena yake imewekewa kikomo cha mita 299. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kilima kikikaa njiani, kuongeza umeme ni kupigana na jiwe. Mtu anayetaka kusikika mbali hutafuta mnara kwanza, mtambo baadaye. Sheria nayo inalijua hilo: antena yako ikipita kimo cha daraja lako, unapunguziwa nguvu.

Anayeumia kituo kimoja kinapoongezewa nguvu ni msikilizaji wa ukingoni mwa kingine. Uko ndani ya gari, mtangazaji anasoma vijiji ambavyo daraja la mto limezolewa na maji. Gari linapanda mlima. Anataja kijiji cha kwanza, cha pili, na katikati ya jina la tatu sauti yake inamezwa na gitaa la kituo kingine cha mbali, safi kabisa, kana kwamba umegeuza kitufe mwenyewe. Ndiyo tabia ya FM, redio hushika mawimbi yenye nguvu zaidi na kuyafuta yaliyo dhaifu. Ukishuka bondeni mtangazaji anarudi, ameshaingia kwenye hali ya hewa. Jina la tatu hulipati tena.

Ili kuzuia hayo, FCC imeweka umbali wa chini kati ya vituo vya masafa yaleyale, yaani namba ileile kwenye redio: kilomita 115 kati ya A na A, 142 kati ya A na C3, 290 kati ya C na C. Sina ugomvi na vipimo hivyo. Ugomvi wangu ni kwamba kituo hulindwa kwa daraja lake, si kwa kile kinachorusha. Kituo kinachorusha kilowati 7 kwa mita 100 kimepita kiwango cha A, basi kinaitwa C3, na kinalindwa kana kwamba kinarusha 25. Jirani yake wa daraja A akiomba kupanda anaambiwa hapana, utaingilia mawimbi ya mwenzako. Mawimbi yapi? Hayapo! Yako kwenye karatasi tu, na karatasi hiyo inaweza kukaa hivyo miaka nenda rudi.

Na dawa inajulikana. Mwaka 2000 FCC iliunda daraja C0 kwa ajili ya hali kama hii kwenye ngazi za juu. Kituo cha daraja C ambacho antena yake haifiki mita 451 kinaweza kushushwa kuwa C0 iwapo jirani anaihitaji nafasi. Kwanza kinapewa muda wa kuomba kibali cha kuinua antena. Kisipofanya hivyo, kinapisha. Utaratibu huu ni wa haki, na sielewi kwa nini ubaki kwa vigogo wa kilowati 100 wakati wanaobanana ni wa chini.

Wenye leseni husema huenda kesho wakahitaji kukua. Sawa, waombe kibali leo na wajenge.

Kinachonisumbua kweli ni vituo vya jamii vya nguvu ndogo, wati 100 kwa mita 30, ambavyo sauti yake hufika kama kilomita 5 na nusu. Hivi kisheria viko chini ya vituo kamili, kituo kamili kikipanda vinaweza kutakiwa kuhama. Kwa hiyo pendekezo langu la kuwafungulia njia wa daraja A linaweza kuwakanyaga wao, na siwezi kulifumbia macho hilo. Kituo kamili kikihamishwa masafa ili kingine kipande, anayenufaika hubeba gharama. Mwenye wati 100 anastahili heshima hiyohiyo, atafutiwe masafa mengine na alipiwe antena na fundi kabla ya mkubwa kuwasha mtambo mpya.

Mwaka 2018 FCC ilikusanya maoni kuhusu daraja jipya la C4, kati ya A na C3: kilowati 12, mita 100, kilomita 33. Ilihoji pia suala hilihili la vituo vinavyolindwa kuliko vinavyorusha. Mimi naunga mkono yote mawili. Kilomita 5 ni kitu kidogo kwa mwenye mnara wa mita 600. Kwa kituo cha mji mdogo ni mji wa pili barabarani, na pengine ule mlima ambako jina la kijiji cha tatu lilipotea.