Fangasi wa baridi na jinzi za Memorial

Mwezi wa saba mlimani Kilimanjaro mbege, pombe yetu ya ndizi, inachelewa kuiva. Shangazi yangu wa Kibosho akishachanganya nyalu (ndizi zilizochemshwa) na mso (uji wa ulezi), pipa analivika blanketi kama mtoto mchanga, na asubuhi ananigeukia mimi kuniuliza mbona halitoi povu. Mwaka huu nilimweleza kwamba hamira iliyomo humo ni kiumbe hai, ni aina ya fangasi, ikipigwa na baridi inasinzia. Akaniambia, "Basi mwanangu, wewe uliyesoma, nitafutie isiyosinzia."

Isiyosinzia ipo. Hamira ya bia za laga, hizi za chupa tunazokunywa grosari, hufanya kazi kwenye nyuzi kumi hivi za Selsiasi. Ni chotara: mzazi mmoja ni hamira ya kawaida, ile ya mkate, na mwingine ni ya porini inayopenda baridi, iitwayo Saccharomyces eubayanus, ambayo wanasayansi waliitangaza mwaka 2011 baada ya kuikuta kwenye miti ya Patagonia, Argentina. Hakuna maabara iliyowaozesha. Walikutana wenyewe katika pombe ya Wazungu karne nyingi zilizopita, wakachanganya vinasaba. Huwa nalikumbuka hili nikimsikia jamaa mwenye chupa mkononi akiapa kwamba kitu kilichochanganywa jeni hakitapita kooni mwake.

Sasa watu wanataka kuwabadilisha fangasi wa baridi kwa makusudi, maabarani, na mimi nina la kusema. Kwanza tuelewe ni viumbe gani. Weka mafuta ya nazi na ya alizeti dirishani Kibosho usiku wa mwezi wa saba: asubuhi ya nazi yameganda, ya alizeti bado yanamiminika. Fangasi wa kawaida akipata baridi kali, utando wa seli zake unakakamaa kama yale ya nazi. Wa baridi ameujaza mafuta ya aina ile ya alizeti. Vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoendesha kazi za seli, navyo vimelegea kidogo umbo, ndiyo maana vinafanya kazi pale vya wengine vimekwama. Ukuvu fulani unaoota chini ya theluji hutoa hata protini inayozuia chembe za barafu zisikue.

Kumbadilisha jeni kiumbe kama huyo ni kazi ya kuchosha, kwa sababu vifaa karibu vyote vilitengenezwa kwa viumbe wa joto. Njia iliyozoeleka ya kuingiza DNA kwenye hamira inataka uipashe hadi nyuzi 42. Fangasi wa baridi hapo umeshampika. Ule mkasi maarufu wa kukata DNA, CRISPR-Cas9, ulitolewa kwa bakteria anayetuletea mafindofindo, kwa hiyo umezoea joto la koo la mtu, na kwenye baridi unazubaa. Njia ya pembeni ni kumtumia Agrobacterium, bakteria wa udongoni ambaye kwa asili yake huingiza kipande cha DNA ndani ya mimea, na ambaye anaridhika na nyuzi ishirini na kitu. Ndivyo walivyofanya watafiti Marekani kwa fangasi aliyeua popo kwa mamilioni tangu alipoonekana jimbo la New York mwaka 2006. Yule hustawi kwenye nyuzi 12 hadi 16, na ikipita 20 haoti. Wakimwekea au kumzimia jeni, wanaweza kujua ni ipi inayompa ukali. Kisha unasubiri, maana anakua polepole mno. Fikiria subira hiyo Moshi, mwezi wa pili, umeme umekatika saa sita mchana na friji lako la vimelea limeanza kupata joto.

Njia ninayoipenda zaidi ni nyingine: mwache fangasi na baridi yake, chukua jeni tu. Katika ziwa Vanda, huko Antaktika, ilipatikana hamira yenye kimeng'enya kizuri cha kukata na kuunga mafuta. Jeni yake ikapandikizwa kwa Aspergillus oryzae, ukungu ambao Wajapani wameutumia tangu zamani kutengeneza sosi ya soya. Leo kimeng'enya hicho kinazalishwa kwenye matangi makubwa, kinatumika kwenye dawa na mafuta, na wala hakuna anayerudi ziwani kuchota.

Hofu ya watu siidharau. Mwaka 2018 serikali iliposimamisha majaribio ya mahindi ya GMO, yaani yaliyobadilishwa jeni, kule Makutupora, Dodoma, wengi walishukuru, na kwa mahindi naielewa: chavua haijui mpaka wa shamba. Kwa fangasi wa mlimani tuna sababu yetu pia. Tunaijua chulebuni, ugonjwa wa fangasi wa buni, unaopenda kahawa za juu kwenye ubaridi na unyevu, na mabomba ya mrututu, dawa ya kunyunyizia, tumeyabeba mgongoni tangu utoto. Ndiyo maana ningesema maabara ya namna hii isijengwe Marangu wala Machame. Ijengwe huku chini, njia ya kiwanda cha sukari cha TPC, kwenye jua. Kiumbe anayeshindwa kuota kwenye nyuzi 20 akitoroka huko, joto lenyewe litakuwa askari wa kwanza. Askari wa pili awe mtungi wa mvuke wa kuua kila kinachotupwa.

Kinachoniuma zaidi ni jambo lingine. Kutoka maziwa ya magadi ya Kenya vilichukuliwa vimelea (bakteria, si fangasi), na kimeng'enya chake kikaja kutumika viwandani kupausha jinzi. Mwaka 2004 shirika la wanyamapori la Kenya lililalamika kwamba nchi haikupata chochote. Mimi kila nikipita Memorial, soko la mitumba la Moshi, marobota yakifunguliwa, nikiona jinzi iliyopauka vizuri mapajani, najiuliza kama siyo ile. Yaani tunainunua mtumba.

Na sisi tuna nini? Kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza karibu asilimia 85 ya barafu yake. Juu ya mita 4,000 kuna udongo unaoganda usiku na kuyeyuka mchana, karibu kila siku ya mwaka. Kinachoishi humo kimezoea adha ambayo hata Antaktika haiipati mwaka mzima. Kabla hatujagombana kuhusu kubadilisha jeni, watu wa Chuo cha Mandela pale Tengeru na wa hospitali ya KCMC wapewe fedha wapande wakachukue sampuli, wazitunze kwenye majokofu ya nyuzi 80 chini ya sifuri, yenye jenereta. Na mgeni akitaka kasha la sampuli liende nje, nakala ibaki na mkataba usainiwe kwanza, siyo baadaye kwa barua ya malalamiko.

Shangazi nilimrudia na jibu. Nikamwambia hamira ya baridi inapatikana, ila mbege yake ina ladha ile kwa sababu humo pipani wamo hamira wengi na bakteria wengi waliozoeana, nikimletea mmoja wa kigeni ladha itabadilika. Akafikiri kidogo, akavuta blanketi likafunika pipa vizuri, akasema nimpishe.