Someni mita kabla ya kuwagusa vibarua

Kila msimu wa bajeti ya halmashauri hapa Moshi maneno ni yaleyale: bili za umeme na maji zimepanda, mapato ya ndani hayajafikia lengo, basi vibarua wa usafi wapunguzwe. Hapana jamani. Anayefagia soko la Mbuyuni alfajiri hajawasha taa hata moja ya barabarani, lakini bili ikizidi ni yeye anayeambiwa asije kesho.

Sababu inajulikana. Mishahara ya watumishi wa kudumu kwa sehemu kubwa inatoka serikali kuu, diwani haigusi. Asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya wenye ulemavu, inalindwa na sheria. Kinachobaki ni matumizi mengineyo, na humo kibarua ndiye asiye na mtetezi.

Sasa tupige hesabu ya taa, maana huko ndiko pesa inakovuja. Taa ya sodiamu ya wati 250, ukijumlisha na balasti yake (kifaa kinachodhibiti umeme wa taa), inavuta kama wati 280. Usiku wa Moshi ni muda wa saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo taa moja inakula uniti 3.36. Taa za barabarani zimo kwenye daraja la T1 la bei za TANESCO, shilingi 292 kwa uniti kwa bei za 2016. Weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) 1, unafika 356. Taa moja ni karibu shilingi 1,200 kwa usiku. Hiyo tulipe, giza hatulitaki. Lakini laini yenye taa 50 ikibaki inawaka mchana kutwa, inateketeza karibu 60,000 kwa siku, 1,800,000 kwa mwezi. Kima cha chini cha mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni 500,000. Hiyo ni mishahara ya watu watatu, na inabaki 300,000 ya kununua machepe na mafagio.

Kwa nini taa inawaka mchana? Sensa ya mwanga, kile kifaa kinachowasha taa giza likiingia, ikifa, nyingi zimeundwa zife zikiwa zimewasha, ili barabara isibaki gizani. Au kioo chake kimeshika vumbi la Januari na Februari, sensa inadhani bado ni usiku. Au kontakta, yaani swichi kubwa ya laini nzima iliyo ndani ya sanduku, imeungua, vidole vyake vimeshikana. Na lipo lile baya kuliko yote: fundi aliitwa usiku, hakuwa na sensa mpya, akaunga waya moja kwa moja, na hakuna aliyerudi. Kupima si kazi ya siku nzima. Mchana, taa zikiwaka, fundi umeme apime volti kwenye koili ya kontakta. Akikuta 230, kosa liko kwenye sensa au kwenye huo waya wa kuunga. Akikuta sifuri na taa bado zinawaka, kontakta imeshikana, ibadilishwe. Sensa ielekezwe mbali na mwanga wa taa zenyewe, la sivyo zitawaka na kuzima usiku kucha.

Maji ni hivyohivyo: soma mita ya choo cha soko baada ya kufunga na usome tena kabla ya kufungua. Namba ikiwa imesogea, boya la tangi halifungi au bomba limepasuka.

Nakubali, kuhamia LED kunataka fedha ya mwanzo, na taa za sola nazo betri zake zinachoka baada ya miaka michache. Lakini kubadilisha sensa si mradi wa kusubiri mfadhili.

Na kibarua akiondolewa, nini kinatokea? Moshi iko kwenye mteremko, mvua ya masika inashuka yote kutoka juu. Angalieni mdomo wa kalavati karibu na soko lolote: majani ya mgomba, vikonyo vya mikungu, kabichi iliyooza, juu yake mifuko. Jani la mgomba haliozi haraka, linalala kama mkeka na kushika kila kinachofuata. Maji yakikosa njia yanapanda barabarani, yanachimba bega la barabara, kisha lami inaning'inia bila kitu chini, na lori moja la ndizi linaivunja. Mwenye chepe angelitoa jani hilo Februari kwa nusu saa.



Waheshimiwa madiwani, tafadhali: ombeni orodha ya mita zote za halmashauri, moja moja, taa za barabara, ofisi za kata, masoko na stendi, na uniti za miezi 12 iliyopita. Mita ya taa iliyokula maradufu itajionyesha yenyewe. Orodha hiyo iwekwe kwenye kabrasha la bajeti kabla ya ukurasa wa vibarua.