Nilikwenda na tumbo, nikarudi na orodha

Leo ni siku ya tano na wino wa kalamu ya daktari bado haujatoka mwilini. Nimeusugua kwa sabuni, nimeusugua kwa dodoki, jana nikajaribu mafuta ya watoto. Umefifia tu, ukabaki kama alama za mtu aliyepigwa wiki iliyopita. Mstari mmoja uko ubavuni, sawa. Mwingine unazunguka nyonga. Wa tatu uko chini ya kidevu, na huo ndio unaoniuma roho, maana nimekwenda kazini na skafu shingoni siku zote hizi nikisingizia mafua. Kidevu, jamani. Mimi nilikwenda kliniki ya upasuaji wa urembo kuulizia tumbo.

Nilibeba mapacha, na walipotoka waliniachia ngozi inayoning'inia chini ya kitovu kama mfuko uliomwagwa vitu vyake. Wana miaka sita sasa. Kilo za ujauzito zilishaondoka zamani, mazoezi nimefanya, na ngozi haikujali. Kukiwa na joto, ndani ya ule mkunjo hutoka vipele, vinawasha hadi natafuta pa kujificha nijikune. Nimepaka kila poda ninayoijua. Hiyo ndiyo shida yangu yote, mwanzo na mwisho. Mwaka huu nikajiambia basi, niende nikasikie wanasemaje.

Kliniki sitaitaja. Wa kwanza kunipokea hakuwa daktari. Alikuwa binti mchangamfu mwenye kishkwambi, cheo chake mshauri wa wateja. Hakuniuliza nimezaa mara ngapi, kama nataka kuzaa tena, natumia dawa gani, navuta sigara au sivuti. Swali lake la kwanza, kwa tabasamu kabisa, lilikuwa hili: "Dada, ungependa kufanana na nani?"

Nilidhani sijasikia vizuri. Akageuza kishkwambi, akaanza kunipitishia picha kwa kidole: viuno vya nyigu, makalio ya kila aina, matumbo bapa kama meza. "Chagua tu mpenzi, daktari atajua la kufanya."

Daktari alikuja, akakaa dakika nane. Niliangalia saa. Akatoa kalamu ya wino mzito, akanisimamisha mbele ya kioo na kuanza kunichora kama fundi anayepima mbao. Tumbo akalichora, sawa. Akapanda ubavuni kwenye nyama uzembe. Akashuka nyongani. Kisha akanishika taya, akaigeuza kwenye mwanga, akasema tumbo likishakaa sawa "hiki kidevu kitaanza kujionyesha". Nilitoka na karatasi yenye mambo matano: kukata ngozi ya tumbo, kunyonya mafuta ubavuni, kidevu, kuinua matiti "kidogo tu", na kuhamishia mafuta kwenye makalio. Hili la mwisho kwa sababu, nanukuu, mafuta yatakuwa yameshatoka, kuyatupa ni hasara. Mtu mwenye huruma ya ajabu kwa mafuta yangu! Na punguzo lipo nikifanya yote siku moja na kulipa kabla ya mwisho wa mwezi.

Vipele? Hakuna aliyeviandika.

Usiku ule sikulala, nikawa nawaza kisa cha Timmie Jean Lindsey. Mwaka 1962, huko Houston, Marekani, mama huyu wa watoto sita alikwenda hospitali ya umma kufutwa tatuu kifuani. Madaktari wawili, Thomas Cronin na Frank Gerow, walikuwa wametengeneza mfuko wa silikoni wakitafuta mwanamke wa kuujaribia. Wakamwuliza kama angependa kuongezwa matiti. Yeye, kwa maelezo yake mwenyewe miaka mingi baadaye, hilo halikuwa shida yake. Kilichomsumbua ni masikio, yalisimama mno, alitaka yalazwe. Basi wakaelewana: matiti wapate wao, masikio apate yeye. Ndivyo alivyokuwa mwanamke wa kwanza duniani kuwekewa matiti ya silikoni. Mara nyingine nafikiri biashara yote hii imejengwa juu ya siku ile. Unaingia na masikio yako, unatoka na matiti ya mtu mwingine aliyeyatamani kwa niaba yako.

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa sababu nikisema haya watu wawili huruka haraka. Wa kwanza ni yule wa "jikubali ulivyo". Huyo simjibu leo. Ukiona anaongea, mwangalie meno yaliyonyooshwa na nywele zilizopakwa rangi, kisha uendelee na shughuli zako. Wa pili ni yule wa "mwili ni wangu, pesa ni yangu". Huyo nakubaliana naye kabisa, na ndiyo maana nina hasira. Kama mwili ni wako, kwa nini lengo ni la mwenye kalamu?

Ninachosema ni kidogo sana: lengo la mwili ni sentensi, na sentensi hiyo uwe nayo kabla hujavuka mlango. Picha haiwi sentensi. Picha ni mifupa ya mtu mwingine, ngozi ya mtu mwingine, pembe ya kamera na mwanga, na siku hizi nusu yake ni kompyuta. Daktari hawezi kuwekea mbavu zako kiuno cha mtu mwenye mbavu nyembamba. Lakini "nataka mkunjo huu uondoke kwa sababu unanitoa vipele" ni kitu ambacho daktari anaweza kukijibu kwa ndiyo au hapana, na baada ya mwaka unaweza kumrudia ukamwambia umefanikiwa au hukufanikiwa. Utampima vipi aliyekuahidi "shepu"?

Na ukishakuwa na sentensi, utashangaa ni mara ngapi kitu unachouziwa hakihusiani nayo hata kidogo. Chukua kunyonya mafuta. Watu wanaingia pale wakitaka kupungua kilo. Mrija ule unanyonya mafuta yaliyo chini ya ngozi tu. Kitambi kigumu, kile cha kugonga kikalia kama ngoma, kiko ndani, kimezunguka utumbo na ini, na hakuna mrija wa urembo unaofika huko. Huyo anayehitaji mrija zaidi kwa maoni yake ndiye utakayemsaidia kidogo zaidi. Aliyefaa kwa kazi hiyo ni mtu ambaye uzito wake umetulia, ngozi yake bado inavuta, ana fungu moja la mafuta linalokataa kuondoka. Mimi nikinyonywa bila kukatwa ngozi, nitabaki na mfuko mtupu zaidi ya huu nilio nao. Na kuna wale ambao tumbo halina mafuta wala ngozi ya ziada, ila misuli miwili ya mbele iliachana wakati wa mimba na haikukutana tena, tumbo linasukumwa nje kila akikohoa. Huyo unyonye mafuta hadi kesho, tumbo litakuwa palepale. Anahitaji mtaalamu wa mazoezi ya tiba, na ikishindikana, sindano na uzi wa kuirudisha misuli pamoja. Matumbo matatu, yote yanaitwa tumbo kubwa, na binti wa kishkwambi ana picha ileile kwa wote watatu.

Mdogo wangu, binti wa mama mdogo, ananipigia simu kila baada ya wiki mbili kuhusu pua. "Dada, iangalie hii," na picha aliyojipiga inaingia. Nimemwambia mara ngapi kwamba simu ikiwa karibu na uso, kilicho mbele huonekana kikubwa? Utafiti mmoja wa mwaka 2018 ulikokotoa kuwa picha ya kujipiga kwa umbali wa sentimita 30 hivi huipanua pua kwa karibu asilimia 30, ukilinganisha na picha iliyopigwa mita moja na nusu. Yaani mtoto wa watu anataka kukatwa pua ambayo ipo kwenye simu tu. Nikampiga mwenyewe kutoka upande wa pili wa sebule, nikamtumia. Akanijibu, "Hapo sijatokea vizuri." Sawa.

Huyu wangu ni wa kuchekwa kidogo, wengine si wa kuchekwa. Kati ya watu mia, kama wawili hivi wana ugonjwa wa kuona kasoro ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo mno, na wanaiwaza saa nzima nzima kila siku. Upasuaji kwa kawaida hauwaponyi. Kasoro inahama, leo pua, kesho taya. Daktari mwenye utu humrudisha mgonjwa huyo na kumwelekeza kwa mtaalamu wa akili, anapoteza mteja kwa hiari yake. Niambieni, yule wa dakika nane angemtambuaje?

Makalio niliapa sitayaandika, lakini karatasi yangu imeyataja. Mafuta yanayodungwa kwa sindano kwenye makalio yakiingia ndani ya msuli, karibu na mishipa mikubwa ya damu, yanaweza kuingia kwenye mshipa na kusafiri hadi kwenye moyo na mapafu. Mtu hufia mezani au saa chache baadaye. Mwaka 2017 kikosi kazi cha wapasuaji wenyewe kilikadiria kifo kimoja katika kila operesheni 3,000 hivi. Kwa kitu cha urembo, idadi hiyo ni ya kutisha. Tangu hapo maelekezo yako wazi: mafuta yabaki chini ya ngozi, juu ya msuli, yasishuke. Jimbo la Florida mwaka 2022 likamwekea daktari kikomo cha operesheni tatu za aina hii kwa siku. Ukiona serikali inahesabu makalio, jua kuna mahali yalikuwa yanapita kama magari kwenye foleni. Na hata yakienda salama, sehemu ya mafuta hufyonzwa na mwili na kupotea, na wiki kadhaa utakuwa hukalii ulichokinunua. Kuna mtu ana sentensi inayostahili yote hayo? Huenda yupo. Mimi nilipewa kwa sababu kuyatupa ni hasara.

Botoksi, ile sindano ya kulegeza misuli ya uso, na fila, ile ya kujazia midomo na mashavu, endeleeni. Botoksi huisha baada ya miezi mitatu minne, na fila za asidi ya hailuroni zina dawa ya kuziyeyusha. Ukitaka kukosea, kosea kwa kitu kinachoisha.

Na nikubali jambo, kwa shingo upande. Shoga yangu alipunguzwa matiti miaka mitatu iliyopita, na mimi ndiye niliyembishia kuliko wote. Nilimwambia anajikata bure. Alikuwa na mifereji miwili mabegani, imechimbwa na kamba za sidiria, unaweza kulaza kidole ndani. Mgongo ulimuuma tangu shuleni. Sentensi yake ilikuwa fupi: nataka kukimbia bila kushika kifua. Sasa anakimbia, na ananitumia picha za viatu vyake kila Jumamosi alfajiri nikiwa bado kitandani. Sina la kusema. Makovu anayo, yanaonekana, na nilipomwuliza kama yanamsumbua aliniangalia kama mtu anayeulizwa kuhusu hali ya hewa ya mwaka jana.

Basi juzi nikaenda kwa daktari mwingine. Mama wa makamo, hana kishkwambi, na ofisi yake ina viti visivyolingana. Aliuliza maswali karibu nusu saa kabla ya kunigusa. Uzito umetulia tangu lini? Nataka mtoto mwingine? Kwa sababu mimba itaivuta upya ngozi na misuli aliyoishona. Nimewahi kuganda damu mguuni? Nani atabeba vitu nyumbani wiki sita ambazo mimi sitabeba? Navuta? Maana sigara hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyokatwa bila damu ya kutosha hufa, kwa hiyo mvutaji hamgusi mpaka awe ameacha kwa wiki kadhaa. Kidevu hakukitazama kabisa, ingawa wino ulikuwa unamkodolea macho.

Nilipomwambia habari ya vipele aliviandika. Niliona kalamu ikiandika.

Kisha akaniambia la upande wa pili, bila kulipaka sukari. Mkunjo utaondoka, ndiyo. Michirizi iliyo juu ya kitovu itabaki. Nitapigwa nusu kaputi, na hilo si jambo dogo. Na kovu litatoka nyonga hadi nyonga, mstari mmoja mrefu, la kudumu. Litafifia kwa mwaka mmoja au miwili lakini halitafutika. "Nenda nyumbani ukaishi nalo kwanza," akasema. Sikumwelewa.

Nimemwelewa usiku huu. Nimechukua kalamu ya rangi ya mapacha, ile inayotoka kwa maji, nikasimama mbele ya kioo cha chumbani na kujichora mwenyewe, taratibu, kutoka mfupa wa nyonga ya kulia hadi wa kushoto. Mrefu kuliko nilivyodhani. Nikageuka, nikainama, nikakaa kitandani nikautazama ukikunjika. Sijaamua. Mlango ukafunguliwa, akaingia mmoja wao akiwa na mswaki mdomoni, akatazama mistari yote, ile ya zamani ya zambarau na huu wangu wa kijani.

"Mama, nani amekuchora?"

Nikamwambia huu wa kijani ni mimi.