Somo la hedhi lisisubiri kidato cha tatu

Kwa tulio huku Sweden, inauma kusikia nyumbani kwamba kufundisha watoto habari za uzazi ni mambo ya Kizungu. Wazaramo, Wamakonde na Wayao walikuwa na unyago kabla ya shule, na mwali alikuwa na kungwi wake, yaani somo, wa kumuuliza. Sweden wamelifanya somo la uzazi la lazima shuleni mwaka 1955 tu. Ila wao wanaanza mapema. Kwetu unyago umebaki ngoma ya siku mbili tatu, na shuleni mada ya uzazi kwa miaka mingi imekaa kwenye Baiolojia ya kidato cha tatu, wakati binti kavunja ungo akiwa darasa la sita. Wangapi kijijini wanafika kidato cha tatu?

Hata wakifika, wanachora mirija na kukariri kwamba yai hutoka siku ya 14 tangu hedhi ianze. Hiyo ni kwa mzunguko wa siku 28. Yai hutoka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata: mwenye mzunguko wa siku 35 ni karibu siku ya 21, mwenye siku 21 ni karibu siku ya 7, damu ndiyo kwanza imekatika. Mbegu za kiume nazo huweza kuishi hadi siku 5. Tena miaka ya mwanzo mzunguko hurukaruka, mwezi huu siku 25, ujao 45. Kumwambia mtoto wa miaka 14 ahesabu "siku salama" za kutoshika mimba ni kumpoteza.

Vitambaa vya hedhi navyo vifundishwe kwa vitendo. Cha pamba, kibadilishwe kila saa 4 hadi 6, kilowekwe maji baridi (ya moto hugandisha damu), kifuliwe kwa sabuni, kianikwe juani. Hapo ndipo mabinti wanapokwama: kwa aibu wanakificha chini ya godoro, kinabaki na unyevu, kinanuka na kuwasha. Khanga nyepesi ikitandazwa juu yake kambani, kinakauka na hakuna anayekiona. Shuleni, mwongozo wa Tanzania unataka tundu 1 la choo kwa wasichana 20, lakini tundu lisilo na komeo la ndani wala ndoo ya maji halimsaidii aliye hedhini.

Cha kuiga Sweden ni sanduku la maswali. Wote, wavulana kwa wasichana, wanapewa karatasi na wote wanaandika. Asiye na swali anaandika alichokula jana, ili asijulikane nani kauliza. Anayetaka kuitwa faragha anaweka jina. Mwalimu akiona haya, aalike muuguzi wa zahanati aje kujibu.

Lakini karatasi zisomwe siku ileile. Humo anaweza kuwamo mtoto aliyebakwa jana, na dawa za kumkinga na VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72.