Mwana wa Nani Huyu?

Jumamosi usiku tulikaa ukumbini kwa shangazi, Kibokoni, Mombasa, sinia la viazi karai na ukwaju katikati, tukaitazama Atomic Blonde. Ni filamu ya kijasusi ya 2017 lakini shangazi ndiyo kwanza anaiona. Hata nusu saa haijafika, akauliza juu ya Lorraine, yule jasusi mkuu: "Mwana wa nani huyu?" Sikuwa na jibu, na nilikuwa nimeshaitazama mara mbili.

Nianze na haki ya filamu. David Leitch, mwongozaji, kabla ya kuongoza alikuwa akianguka na kugongwa badala ya waigizaji, na ujuzi huo unaonekana. Kuna pigano la ngazini, limeungwa vipande kwa ustadi hadi unadhani kamera haikukatika hata mara moja. Charlize Theron, ndiye jasusi Lorraine, anapiga na kupigwa, anajikongoja, anashika ukuta, anahema. Kila ngumi inatoka kwa taabu kuliko iliyotangulia. Anayezijua ngazi za nyumba za Mji wa Kale, zile nyembamba zinazopanda wima gizani, anajua hapo hakuna pa kukimbilia. Shangazi aliacha kutafuna. Theron alipasuka meno mawili akijifunza mapigano haya, na mimi naamini jasho lile lote.

Kwa dakika hizo Lorraine ni mtu. Kisha anarudi kuwa koti zuri, taa za rangi na glasi ya vodka. Mwanzoni anaichoma picha yake na mwanamume aliyeuawa. Hapo palikuwa na mapenzi, tunaelewa, lakini filamu inapita haraka kama inayoogopa kuchelewa miadi. Alimpendea nini? Alilia wapi? Laiti wangetupa hata dakika tatu.

Kinachoniuma zaidi ni Berlin yenyewe. Hadithi iko Novemba 1989, siku zile Ukuta wa Berlin unaanguka, baada ya miaka 28 ya kutenganisha ndugu na ndugu. Sisi watu wa pwani, wenye jamaa Unguja, Lamu na Muscat, tunajua uzito wa kumsubiri mtu wako ng'ambo. Filamu imeufanya ukuta ule pambo. Watu wanaimba na kupasua zege kwenye televisheni, huku majasusi wanagombania orodha ya majina.

Aliyemgusa shangazi ni mwingine kabisa: yule afisa wa Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, anayetoroshwa kwenda Magharibi, mwoga, mnyonge, mwenye mke na mtoto anaotaka kuvuka nao. Hana koti la maana wala hapigi mtu. Lakini yeye ana watu wake, na yalipomfika ya kumfika, shangazi alisema "maskini" kwa sauti ya chini na kuweka kiazi chake siniani.

Mwishoni Lorraine anapanda ndege, muziki juu. Shangazi alimtazama hadi mlango ukafungwa, akanigeukia: "Sasa yuwenda kwa nani?"